Macho ya Mama Monari

Du. Du. Du.

Mtu alikuwa anatwanga usiku wa manane. Nyasuguta aliinua kichwa akasikiliza, mchi unapanda, mchi unashuka, bila kupumzika, akajiuliza ni mwanamke gani hapa Homa Bay hana akili kiasi cha kutwanga wimbi saa hizi, tena kwa haraka hivyo, kama anayefukuzwa.

"Baba Monari," alinong'ona. "Unasikia?"

"Nini?"

"Anayetwanga."

Ratemo, mumewe, alikuwa muuza nguo pale mjini, mtu wa kulala kama gogo. "Ni mbwa tu. Lala, utaamsha mtoto."

"Yuko karibu. Yuko hapa hapa."

Ratemo akawasha kibiriti ili amridhishe. Mwanga ulipofika usoni mwa mkewe aliruka nyuma, kijiti kikamchoma kidole, kikazima.

"Mbona unanikodolea macho hivyo?" aliuliza gizani.

"Mimi? Sijakukodolea macho."

Ratemo hakuwasha kijiti cha pili.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru, na Monari, mtoto wao wa kwanza, bado hajajua kuketi. Tangu usiku huo Nyasuguta alikula kama mtu anayelima shamba la wawili, na bado nguo zikamlegea. Upepo wa ziwani ulipowafanya wengine wajifunike, yeye alitiririka jasho. Sindano ilimponyoka kwa kutetemeka. Na macho, jamani, macho yalikuwa yanatoka. Yalitoka kama uyoga unavyotoka: ukiutazama hausogei, ukigeuka umeota.

"Yawa, Min Monari!" alipiga kelele Filister, jirani Mjaluo aliyekaanga samaki mbele ya duka lao, akimwita Mama Monari kwa lugha yake. "Unanitazama kama samaki ngege wa jana!"

Wanawake wakacheka, Nyasuguta naye akacheka. Kesho yake Filister alipompita alimfunika mtoto wake mgongoni kwa leso, akaharakisha, wala hakutania. Hapo ndipo Nyasuguta alipoogopa.

Alikuwa amesoma mpaka Form Two. Aliwahi kuchora jicho la binadamu kwenye mtihani, akataja kila sehemu kwa Kiingereza, akasifiwa. Katika mchoro ule wote hapakuwa na mtu anayelisukuma kutoka ndani.

Mama mkwe wake, Bathsheba, alikuja kutoka shambani kwao Ogwedhi kumwona mjukuu. Alilala chumba kimoja na mama na mtoto. Asubuhi Nyasuguta akamsikia uani, anaongea na mwanawe kwa sauti ya chini.

"Mke wako halali."

"Analala, Mama. Hata anakoroma."

"Anakoroma na macho yako wazi. Nilimpitishia taa. Yakaifuata taa."

"Labda ni uchovu."

"Uchovu hautazami mtu, Ratemo."

Siku hiyo Monari alianza kukohoa. Bathsheba akafinyanga donge la siagi, akalibingirisha kwenye kifua na mgongo wa mtoto, pole pole, kama walivyofanya mama zao huko milimani Kisii. Kisha akalipasua donge kwa kidole. Ndani mlikuwa na unywele, makapi, na chembe za mchanga.

"Haya yalishika ngozi ya mtoto yakaanza kuingia," alisema. "Ametazamwa kwa jicho baya. Na mwenye jicho hilo hajui kama analo. Anaweza kuwa hata mama mzazi."

Kwa hiyo Nyasuguta akafunikwa. Kila akinyonyesha, leso iliwekwa juu ya kichwa chake mpaka kidevuni, na mama mkwe akaketi mbele yake kuhakikisha. Nyasuguta alimjua mwanawe kwa vidole: sikio, shingo, kisigino. Siku moja Bathsheba alipotoka kufunga mlango wa kuku, Nyasuguta aliinua pindo. Monari aliachia ziwa, akamtabasamia. Mama yake aliishusha leso kwa haraka kama mwizi. Usiku huo mtoto akakohoa hadi akatapika, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kumshawishi Nyasuguta. Aliamini mwenyewe.

Walimpeleka Ogwedhi. Bathsheba, ambaye kila Sabato aliwaongoza akina mama katika maombi, alimwingiza Mniko kwa mlango wa nyuma. Huyu alikuwa mganga Mkuria aliyekuja na wauza ng'ombe siku za mnada. Aliinama, akamtazama Nyasuguta machoni kwa muda, akarudi nyuma.

"Ni jini wa ziwani," alisema. "Amekaa nyuma ya macho. Anasukuma."

"Anataka nini?" Ratemo aliuliza.

"Anataka kuona. Mtoto asikae na huyu."

Monari akapelekwa kwa Marcella, mke wa Ombui, ndugu yake Ratemo. Boma lilikuwa moja, na Marcella naye alikuwa ananyonyesha.

Wakamfunika Nyasuguta blanketi zito, wakamwekea chini yake chungu cha makaa, mizizi na pilipili, Ratemo akamshika mkono huu na Bathsheba ule, na Mniko akasema fumba macho, naye akafumba, akafumba kwa nguvu zake zote mpaka mashavu yakauma, na bado akaona, aliona makaa mekundu, aliona vidole vya miguu ya mganga, aliona pindo la gauni la kanisani la mama mkwe, akajua kwamba yule aliyemo ndani ameushika mlango na hautafungwa tena, na moshi ukaingia pale pale wazi, akaona majani yanakamuliwa, akaona tone linaning'inia, la kijani, linakua, linamjia, na hakuwa na pa kulikimbia, na ndani ya blanketi sauti nzito ikanguruma, "Niacheni nimwone! Niacheni nimwone!" na hakujua, mpaka leo hajui, kama ilikuwa ya jini au ilikuwa yake.

"Ametoka," alisema Mniko.

Jicho la kushoto likawa jeupe kama yai lililochemshwa.

Ratemo ndiye aliyekataa kungoja zaidi. Alimpeleka hospitali ya misheni, na mama yake akagoma kuwaaga. Sista daktari alimpapasa Nyasuguta shingo, akamwambia anyooshe mikono, akaiangalia ikitetemeka.

"Usiku unasikia moyo ukipiga?"

Nyasuguta akaweka kiganja kifuani. Du, du, du. Hakuna mwanamke aliyekuwa akitwanga.

"Ugonjwa hauko machoni," sista alieleza taratibu. "Uko hapa kooni, kwenye tezi. Inatoa maji yanayoitwa homoni, na yako yamezidi. Wengine huanza hivi baada ya kujifungua. Moyo unakimbia, mwili unachemka, na nyama iliyo nyuma ya macho inavimba. Jicho likitoka, kope hazifikiani. Linakauka, linapata vidonda. La kulia tutaliokoa kwa vidonge na mafuta ya macho, na usiku utalifunga. La kushoto..." Aliliinamia tena. "Mliweka nini humu?"

Ratemo alitazama viatu vyake.

"Vumbi," alisema.

Ilichukua muda, lakini moyo ulitulia na jasho likakauka. Jicho la kulia lilirudi ndani kidogo. Ndipo Nyasuguta alipokwenda Ogwedhi kumchukua mwanawe.

Bathsheba alikuwa mlangoni, Monari kiunoni, amenenepa. Aliona jicho jeupe, akalia, akainyooshea jiko mikono. Marcella akatoka humo na uji. Vikombe viligongana kwenye sinia. Asubuhi ilikuwa ya baridi na uso wake ulimeta jasho, shingo imejaa, na weupe umeizunguka mboni pande zote.

"Karibu, Mama Monari," alisema, akarudi jikoni.

Ni tezi, Nyasuguta alijiambia, ni tezi tu. Lakini moyoni swali jingine lilitambaa: yule jini alipotoka kwangu alikwenda wapi? Hilo hakumuuliza sista.

"Mniko anakuja Jumapili," alisema Bathsheba.

"Mama, ipo dawa. Apelekwe hospitali mapema, kabla hajamwekea..."

"Watauliza wewe la kushoto liliharibiwa na nini. Mchungaji nimemwambia ulirukiwa na kaa la moto. Akijua nilimleta mganga nyumbani mwangu, nitafukuzwa kanisani na uzee huu." Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, mbali. "Unamtaka huyu?"

"Mama, ni wangu."

"Basi niahidi hutamwambia mtu. Wala mchungaji, wala Ombui, wala yule wa jikoni."

"Mama Monari!" Marcella aliita toka ndani, sauti ya furaha. "Niambie, wewe ulipona kwa dawa gani?"

Nyasuguta alinyoosha mikono. Bathsheba hakumwachilia mtoto.

"Ni Mungu tu, Marcella," alijibu kwa sauti, kisha akamsogelea mama mkwe wake, akanong'ona: "Sitamwambia mtu yeyote."