Salamu za Kivuva

Mutindi alikutana na Nyamai kwenye gurudwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga, siku ambayo basi liliharibika na abiria wote wakaenda kula chakula cha bure cha wasafiri. Pale huingii kichwa wazi. Mutindi alikuwa na kitambaa cha maua kilichopatana na gauni lake la samawati. Nyamai alijifunga kile cha rangi ya machungwa wanachopewa wageni, kikamshuka hadi machoni, akawa anapapasa sahani ya dengu.

"Umefunga vibaya," Mutindi akamwambia.

"Basi nifunge wewe."

Akamfunga. Mambo yangeendelea vizuri tu kama si ule wimbo.

Nyamai ni fundi wa simu katika soko la Kwa Vonza. Baba yake, marehemu Kivuva, alipiga gita kwenye bendi ya benga, na ni wimbo mmoja tu uliobaki wenye sauti yake. Ulikuwa kwenye flashi iliyochomekwa kwenye redio sebuleni. Kila Jumapili baada ya kanisa Mutindi akija kwake, avue viatu, apumzike kidogo, hapo hapo wimbo. Na mnajua hizi nyimbo zetu, nusu mapenzi, nusu salamu. Kivuva anamsalimu Mutisya wa posho mill, msaga unga. Anamsalimu Kavata wa Makindu. Anamsalimu Syokau wa Tawa, mpishi wa chai ya tangawizi. Halafu gita. Halafu Nyamai anaurudisha mwanzo.

"Mwendwa, mpenzi wangu, hata kuku wa jirani wanamjua huyo Syokau," Mutindi alilalamika. "Leo tukae kimya."

"Huyo ni baba yangu anaongea. Nimwambie anyamaze?"

Nyamai akaongeza sauti ya redio.

Mutindi akaona atumie akili. Alichukua flashi akaipeleka kwa jamaa wa kuweka nyimbo pale sokoni, amwongezee za kwaya yao, angalau ziwe zinachanganyikana. Hakujua kwamba yule jamaa, kabla ya kuweka chochote, hufuta kwanza kila kitu. Jumapili Nyamai akawasha redio. Kwaya ikaimba. Akakaa pale kwenye kiti akingoja zamu ya baba yake, wimbo baada ya wimbo, mpaka kwaya ikarudi mwanzo.

"Ulimchoka," akasema polepole. "Ukamfuta."

Mutindi aliapa hakujua, akaomba msamaha, akalia. Lakini alipoona hasikilizwi, hasira zikampanda. Akamuuliza ni fundi gani huyu anayeokoa picha za watu wote wa Kwa Vonza na hana nakala ya sauti ya babake mwenyewe. Ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu ilikuwa kweli Nyamai alimfungulia mlango atoke. Tangu hapo akawa hashiki simu zake.

Kimya alichokuwa akikidai, Mutindi sasa alikipata, huko chumbani kwake Kitui mjini, na hakukipenda hata kidogo. Siku moja akiosha vyombo alijishtukia anaimba. Mutisya, Kavata, Syokau, wote anao kichwani, kwa vile alivyosumbuliwa nao. Akasimama na sufuria mkononi. Mtu akitajwa kwenye wimbo, si atautunza?

Jumamosi alikuwa Tawa, akiulizia Syokau aliyekuwa na hoteli ya chai. Alionyeshwa nyumbani kwa bibi mmoja mwenye macho makali, na kaseti ya wimbo ule alikuwa nayo, imefungwa kwenye leso chini ya sanduku. Lakini kuitoa hakutaka.

"Susu, bibi yangu, tafadhali, niirekodi tu kwa simu."

"Mwana wa Kivuva aje mwenyewe. Miguu anayo."

Mutindi akapiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena, wapi. Bibi akachoka kuangalia, akachukua simu yake mwenyewe, akatajiwa namba na Mutindi. Hiyo Nyamai akashika, akauliza ni nani.

"Ni Syokau wa Tawa," bibi akasema. "Kaseti ya baba yako ninayo, njoo."

Nyamai alifika jioni hiyo hiyo, shati limejaa vumbi la barabara.

Kaseti ilikwaruza kwenye redio ya Syokau, ikanguruma, kisha Kivuva akaanza kusalimu watu wake. Nyamai alilia waziwazi, akijipangusa kwa mkono wa shati. Mutindi alingoja aambiwe neno.

"Kanda inavuta," Nyamai akasema. "Wimbo unaenda polepole."

"Nyamai, nimekuja hadi Tawa kwa ajili yako, na hilo ndilo la kuniambia?"

"Najua. Nisamehe, mwendwa. Kosa la nakala lilikuwa langu, nikakutupia wewe."

Akaweka simu yake karibu na redio, akarekodi wimbo wote. Gita lilipokwisha hakuizima. Aliinama, akasema kwa sauti ile ile ya babake ya kusalimu:

"Na ninamsalimu Mutindi wa Kitui, mpenda kimya. Ninauliza kama atakubali nimwoe."

Mutindi alimwangalia yeye, akaiangalia simu.

"Jibu," Syokau akasema, "bado inarekodi."

"Nimekubali. Lakini Jumapili wimbo unapigwa mara moja tu."

Maneno hayo yapo mwisho wa wimbo mpaka leo, na kila Jumapili Nyamai huyarudisha mwanzo.