Ukurasa Pacha wa Kaloyan

Saa tatu asubuhi, Jumatano, Iliana Tsoneva aliingia kituo cha polisi cha Gabrovo akiwa bado na ndara za hospitali miguuni. Alishuka basi la alfajiri kutoka Sofia, ambako mwanawe alikuwa amelazwa tangu Jumatatu, akapita mapokezi bila kumsalimu mtu na kumwekea Inspekta Zdravka Mutafova simu mezani kwa kishindo.

"Nisomee wewe," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Zdravka alisoma. Picha ilikuwa ya Kaloyan, mtoto wa miaka sita mwenye moyo mbovu, na juu yake maneno ambayo nusu ya mji ilikuwa inayajua: Mnada wa Kaloyan. Akina mama walipika jamu na kufuma soksi, wazee walichonga vijiko, vitu vikapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Watu walishindana bei chini ya picha, na mshindi alituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mtoto benki. Hakuna mkono wa mtu uliozigusa katikati. Zdravka mwenyewe alishawahi kunyakua soksi hapo, akamwacha kwenye mataa daktari mmoja wa meno kutoka Varna.

"Kuna nini? Ni ukurasa wenu."

"Si wetu. Angalia nambari ya akaunti."

Haikuwa ya mtoto. Mtu alikuwa ametengeneza pacha wa ukurasa ule, jina lilelile, macho yaleyale ya Kaloyan, na kwa wiki nzima alikuwa akiuza na kupokea. Wanunuzi waliokosa mizigo yao walikuwa wamegundua usiku, na sasa walikuwa wanamla Iliana nyama mbichi. "Mama ana kurasa mbili, tamaa imemzidi," aliandika mmoja. "Huyo mtoto ni mgonjwa kweli?" aliuliza mwingine. Kwenye ukurasa halisi hakuna aliyetaja bei tena.

"Kliniki inataka pesa ya kwanza Ijumaa saa sita mchana," Iliana alisema. "Isipofika, nafasi ya upasuaji anapewa mtoto mwingine. Unanielewa, Inspekta? Mwingine."

Zdravka alielewa, na damu ilimchemka. Alipiga simu benki. Huko akaambiwa kwa sauti laini kwamba jina la mwenye akaunti halitolewi bila barua ya mwendesha mashtaka, na barua huchukua kama wiki.

"Wiki!" Zdravka alifoka. "Basi mwambieni mtoto asubiri kuumwa!"

Alikata simu, akarudi kwenye zile picha na kuzikagua moja moja. Hapo aliona jambo la kwanza. Mwizi hakunakili picha za ukurasa halisi. Alipiga zake. Kopo la jamu ya plamu lililofika Jumanne lilikuwa limewekwa juu ya kigoda, katika mwanga mzuri wa mchana, nyuma yake mlango wa kijivu, na pembeni kitu chenye ukingo mweusi kilichokatwa na fremu. Kwa hiyo mwizi alikuwa ameishika ile jamu kwa mikono yake.

"Vitu mnaviweka wapi?"

"Chumba cha nyuma cha ukumbi wa utamaduni. Funguo tunazo watatu. Mimi, Yavor anayeendesha ukurasa, na Shangazi Snezhana anayefunga vifurushi."

Yavor Penchev alikuwa kijana mrefu, mkorofi kidogo, mwenye kompyuta mpya mezani. Zdravka alianza na hiyo kompyuta.

"Umeitoa wapi?"

"Nimenunua kwa mkopo. Kwani mtu akichangia wagonjwa lazima atumie kompyuta ya marehemu babu yake?"

"Nenosiri la ukurasa unalo. Ufunguo unao. Picha za mtoto unazo."

"Na mdomo ulioungua ninao," Yavor alisema, akauonyesha. Midomo ilikuwa imevimba. "Jana nilikuwa mubashara tangu asubuhi hadi jioni, nacheza mpira wa kompyuta. Kila mtu akimchangia Kaloyan, mimi natafuna pilipili. Simu yangu ilikuwa ndani ya bakuli mbele ya kamera, niliahidi sitaigusa. Tazama, yote imehifadhiwa."

Zdravka alitazama. Mchana, wakati Yavor alikuwa analia machozi ya pilipili huku mikono yote miwili iko kwenye vibonyezo, ukurasa pacha ulikuwa unaweka picha ya jamu na kuwajibu wanunuzi kwa adabu. Mwizi hakuwa kijana huyu. Wala si Iliana, ambaye jamu ilipofika Gabrovo yeye alikuwa Sofia kando ya kitanda cha mwanawe.

Akaenda kwa Snezhana Karabelova, mwalimu mstaafu, ghorofa ya pili karibu na mto. Kwenye mlango wake kulikuwa na tangazo la marehemu, karatasi yenye picha ambayo hapa hubandikwa upya kila kumbukumbu ya kifo, kama lilivyo kwenye nusu ya milango ya mji huu. Zdravka alilipita kama anavyopita kengele. Snezhana alimkaribisha kwa jamu ya waridi kwenye kisahani na glasi ya maji baridi.

"Pole na msiba, shangazi."

"Mwaka sasa, Jumapili iliyopita. Safari hii nimempa mume wangu Dimo picha yenye kodiani, maana ile ya kitambulisho aliichukia. Nimebandika moja tu, hapo mlangoni. Goti haliniruhusu kuzunguka mjini na gundi."

"Vifurushi unafungia wapi?"

"Vingine kule ukumbini, vingine naleta nyumbani." Alisogeza kisahani. "Inspekta, mimi si mtu wa kusema watu. Lakini yule Yavor... kompyuta mpya, hana kazi. Fikiria mwenyewe."

Zdravka alimshukuru kwa jamu akaondoka. Aliona ni bibi aliyekosea tu kuhusu Yavor, akawaza labda kuna ufunguo uliochongwa kwa siri, na baadaye hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Alhamisi, akitoka nyumbani kwake asubuhi, alikuta jirani anabandika mlangoni tangazo la mama yake, siku arobaini. Kona ilikuwa inabanduka. Jirani akamwomba aishike wakati anakata utepe. Zdravka aliishika, kidole kikiwa juu ya ukingo mweusi, akaushtukia. Ukingo mweusi! Aliishi miaka yote kati ya karatasi hizi, anazisoma pale tu mtu anapokufa, kisha macho yanazifuta. Kila mtu wa mji huu yuko hivyo. Hata mtu anayepiga picha ya jamu mlangoni kwake.

Alitoa simu palepale na kuikuza ile picha. Kando ya kopo kulikuwa na ukingo mweusi, bega la mwanamume, na mkanda mpana ukipita juu ya bega, na vibonyezo vyeupe vya kodiani.

Saa tano aliwakusanya ukumbini, chumba cha nyuma, katikati ya soksi na makopo. Iliana alikuwa amesimama. Yavor alikaa juu ya boksi. Snezhana alikuwa anafunga kijiko cha mbao kwenye karatasi, vizuri, pembe zimenyooka.

"Shangazi Snezhana," Zdravka alisema, "jamu ya plamu uliipigia picha wapi?"

"Mimi sipigi picha. Hiyo kazi ya Yavor."

Zdravka aliweka picha iliyokuzwa mezani. Snezhana aliitupia jicho, akaendelea kukunja karatasi.

"Matangazo ya Dimo yako mji mzima," alisema. "Kituo cha basi, duka la mikate. Mtu yeyote angeweza."

"Hayo ni ya siku arobaini na ya miezi sita. Yana picha ya kitambulisho, nimetoka kuyaangalia. Lenye kodiani ni moja, liko mlangoni kwako. Umeniambia mwenyewe, nikiwa nakula jamu yako."

Kijiko kilianguka sakafuni. Iliana alisogea hadi pua yake ikakaribia kumgusa Snezhana.

"Ulikuwa unanishika mkono," alisema. "Unanifungia vifurushi huku unamla mwanangu!"

"Na mimi nililiwa na nani?" Snezhana alipaza sauti, na ilikuwa sauti ya darasani. "Nilimfungulia Dimo ukurasa! Ini lake lilikuwa linaoza. Niliweka soksi, niliweka jamu hiihii, niliimba mbele ya kamera mimi mwanamke mzima. Mnajua walinunua nini? Hakuna! Mzee mwenye kitambi hachangiwi. Hana macho makubwa. Nilikopa, akafa, na mkopo haukufa naye. Halafu huyu mtoto wenu anatabasamu mara moja, mji mzima unagombania soksi zangu. Zangu! Nilizifuma mimi!"

"Pesa ziko wapi?"

"Zimelipa deni la Dimo. Aliyekosa kuchangiwa akiwa hai amechangiwa akiwa kaburini. Nifunge."

"Nitakufunga," Zdravka alisema. "Na usinitazame kama unataka nikuonee huruma. Huruma ulikuwa nayo hapa ndani, imejaa mashelfuni, ukaiiba."

Yavor alikuwa ameshafungua simu. Jioni ile taarifa ya polisi ilikuwa juu ya ukurasa halisi. Watu walirudi wamefura, wengine kwa aibu ya walivyomtukana Iliana, wengine kwa hasira tu, na wote walinunua. Kijiko kilichookotwa sakafuni kiliuzwa kwa bei ya kufuru. Ijumaa, kabla ya saa sita, kliniki ilijibu kwamba nafasi ni ya Kaloyan.

Alasiri Zdravka alienda kupekua nyumba ya Snezhana. Mlangoni alimkuta Iliana. Watu walikuwa wamefika kabla yao. Walikuwa wameandika "mwizi" kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kijivu, na tangazo la Dimo lilikuwa limechanwa, vipande viko ngazini. Iliana alikuwa amepiga magoti, anaviokota na kuviunganisha kwa utepe wake wa vifurushi.

"Acha," Zdravka alisema. "Baada ya alivyokufanyia?"

"Yule mke wake sitamsamehe, hata aje kwa magoti." Iliana alipachika uso wa Dimo mahali pake, kisha kodiani, akaugonga utepe kwa kiganja kama anayempiga mtu kofi. "Lakini huyu hakumwibia mtu. Aliumwa tu, na mimi picha yake niliiona mtandaoni, nikaipita bila kuchangia."