Nani Anawapulizia Wadudu wa Nukta?

Wengine wataisimulia habari hii kwa kuambiwa. Mimi nilikuwepo, kwa macho yangu haya mawili, na anayebisha aniletee shahidi mwenye macho matatu.

Fundi makochi alifiwa na mke, akabaki na binti mmoja, Nukta, aliyeitwa hivyo kwa udogo wake. Nukta alifuga wadudu-majani kumi na wawili kwenye sanduku la kioo: kijani, bapa, wana mishipa ya jani mgongoni. Mgeni angeapa ni mboga imesahaulika. Kila asubuhi aliwapulizia taratibu, nao wakayumba kama majani yaliyoguswa na upepo. Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Adhuhuri moja wakayumba wenyewe. Dirisha limefungwa, kifuniko kimefungwa.

"Baba, nani anawapulizia?"

"Si feni hiyo?"

"Feni ilikufa juzi, baba."

Fundi akacheka kwa kujikaza. Mpera wa jirani, uliowalisha wadudu majani, ulikuwa umepukutika, na jana yake, ili wasilale njaa, alikata tawi la mpera mwingine kwenye ua wa nyumba iliyofungwa miaka, ua ambao hata mbuzi walikuwa wakiuzunguka kwa mbali.

Kesho yake chumba kilinuka majani yaliyooza. Nukta hakuweza kunyanyua kichwa, na fundi alipoinama aliona kuwa kifua cha mtoto kikipanda wadudu wanatulia, kikishuka wanayumba wote kwa pamoja, na alipolifunika sanduku kwa kitambaa cha kochi mtoto akapaliwa, midomo ikawa rangi ya majivu, hata fundi akakivuta kile kitambaa huku analia.

"Dada, nikiwaua hawa namuua mwanangu!" akamlilia dada yake, aliyekuja kumuuguza mtoto.

Dada akakimbia kumleta mganga, bibi mkavu wa maneno, ambaye hata kiti alikikataa.

"Tawi lilikuwa na mwenyewe," akanong'ona. "Amelifuata, sasa anakula pumzi ya mtoto. Wapeleke wadudu kwenye mti wake, mmoja mmoja, kabla jua halijazama. Asife hata mmoja."

"Anichukue mimi, bibi."

"Akuchukue wewe? Mapafu yamejaa vumbi la sponji!"

Fundi akabeba sanduku, akaenda mbio hadi kwenye ule ua. Kumi na mmoja wakayashika matawi. Wa kumi na mbili akabaki kiganjani. Akampulizia, hakuyumba, akampulizia tena, akilia, akimwahidi mwenye mti karakana, nyumba, macho yake mwenyewe, akipuliza mpaka kizunguzungu kikamshika, na mdudu ametulia vilevile, na nyuma ya shingo ya fundi kitu kikashusha pumzi ndefu, pumzi ya aliyeshiba.

Alirudi anayumba. Dada yake alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono kumzuia asiingie. Fundi akampita, akapiga magoti kitandani. Nukta akafumbua macho.

"Baba, nina njaa."

Yote hayo niliyaona, naapa. Ila hapo mwisho, kufumbua macho na hilo neno la njaa, nimetia mwenyewe. Fundi ndiye huniomba nitie, kila ninaposimulia naye yupo.