Mstari Ndani ya Sufuria

"Maji yangu yapimwe ya mwisho," alisema Lerionka. "Yakitangulia, nyie wengine mtaona aibu."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku yake ya kwanza chuoni. Wanafunzi wapya wa uhandisi wa maji walikuwa wamepanga foleni mlangoni pa maabara. Kila mmoja alikuwa ameagizwa alete chupa ya maji yanayonywewa nyumbani kwao. Wengine walikuwa wamezitumbukiza chupa zao kwenye mabegi. Lerionka aliibeba yake kifuani, kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Najim, aliyepangiwa naye chumba kimoja bwenini, alimtazama kutoka juu hadi chini. Najim ni mtoto wa Arusha mjini. Kwao wanauza kanga na vitenge, na mdomo wake haujawahi kupewa likizo.

"Kwani kwenu kuna kiwanda cha maji, mwanangu?"

"Kuna sufuria," alijibu Lerionka. "Na kuna akili."

Tumwache ajisifu kidogo. Wiki hiyo hakupata nafasi nyingine.

Nyumbani kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru. Maji yao hutoka kwenye chemchemi. Ni maangavu, ni ya baridi, hayana harufu. Lakini watu waliokulia pale wana meno ya kahawia. Lerionka pia anayo. Ndiyo maana hucheka kafunga mdomo, kama mtoto aliyeficha pipi shavuni.

Alipokuwa kidato cha pili, alisoma kwamba kuna maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni. Mwalimu alisema baadhi ya ugumu huo hupungua maji yakichemshwa. Mwalimu alisema ugumu. Lerionka alisikia kila kitu kibaya. Jioni alirudi nyumbani, akatafuta msumari, akakwaruza mstari katikati ya sufuria kubwa ya mama yake.

"Mama, maji yakishuka hadi hapa ndiyo uepue. Ile sumu ya meno yote inakuwa imeondoka na mvuke."

Mama yake, Namnyaki, aliishia darasa la nne. Mwanawe anasoma, na mwanawe amesema. Akatii. Kwa miaka mitano alichoma kuni kama anayechoma tanuri la matofali. Na mwaka uleule alizaliwa Naipanoi, kitinda mimba. Mtoto huyo hakuwahi kunywa maji mengine.

Maabara ilikuwa chini ya Bi Aikaeli, fundi wa vipimo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizamisha kijiti cha kipimo katika kila chupa na kusoma namba kwa sauti.

"Najim. Moja nukta moja. Ni mazuri. Ya wapi haya?"

"Ya nyumbani, mama."

"Mbona yananukia dawa ya bomba la hapa bwenini?"

Darasa likacheka. Najim akasema nyumbani ni mahali popote unapolala.

Ikafika zamu ya Lerionka. Bi Aikaeli alisoma namba, lakini hakuitamka. Alisafisha kijiti, akapima tena. Akasafisha, akapima mara ya tatu.

"Kumi na nane," alisema.

"Ameshinda," alisema Najim. "Si alituambia tutaona aibu?"

Wakacheka tena. Lerionka naye akacheka, mdomo umefungwa. Moyoni alisema kipimo ni kibovu.

"Nyie nendeni," alisema Bi Aikaeli. "Wewe baki."

Walipobaki wawili, alivuta kiti.

"Haya maji anakunywa nani?"

"Nyumbani wote, mama."

"Kuna mtoto mdogo?"

"Mdogo wangu, Naipanoi. Ana miaka mitano."

"Miguu yake ikoje?"

Lerionka hakuwa amemtajia mtu yeyote habari za miguu.

"Magoti yanagongana akitembea," alisema. "Na analalamika mifupa inauma. Sisi tunasema ni kukua."

"Mimi si daktari. Miguu ya mtoto hupinda kwa sababu nyingi. Lakini sikiliza. Miamba ya mlima huu ina madini yanayoitwa floraidi. Maji yakipita humo, yanayabeba. Huyaoni, huyanusi. Yakiwa kidogo hayana shida. Kiwango salama ni miligramu moja na nusu katika lita, yasizidi hapo. Yakizidi, huharibu meno ya mtoto yangali ndani ya fizi. Yakizidi sana, kwa miaka, huingia kwenye mifupa."

"Lakini ya kwetu tunayachemsha."

"Mnayachemsha vipi?"

"Mpaka yabaki nusu."

Bi Aikaeli alichota maji kwenye kopo, akatia chumvi kidogo, akakoroga, akampa.

"Onja."

"Yana chumvi kidogo."

Alilibandika kopo kwenye jiko la umeme. Yalipobaki nusu akaliacha lipoe, akampa tena. Lerionka alionja, akakunja uso.

"Chumvi imeondoka na mvuke?" aliuliza Bi Aikaeli.

"Hapana. Imezidi."

"Kilichoondoka ni maji. Chumvi imebaki palepale, ikajibana kwenye maji machache. Floraidi nayo ni hivyohivyo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi madini. Chemchemi yenu yaelekea ina kama tisa. Tisa ni mbaya tayari, lakini hiyo mmepewa na mlima. Kumi na nane imetoka jikoni kwenu. Nani aliwafundisha kuchemsha namna hiyo?"

Lerionka alitazama vidole vya miguu yake.

"Watu tu," alisema. "Kule kijijini."

Jumanne alikaa darasani saa nne nzima. Mhadhiri aliandika kanuni ubaoni na wenzake wakanakili. Lerionka naye alikuwa akiandika, lakini hesabu yake ilikuwa nyingine. Vikombe vinne kwa siku. Siku mia tatu sitini na tano. Miaka mitano. Alipofikia jibu, alikata ukurasa akaukunja mpaka ukawa mdogo kama punje ya mahindi.

Hakula mchana. Hakula jioni.

Jumatano alimpigia mama yake simu. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mhandisi wangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Chakula cha huko kinalika?"

"Kinalika. Naipanoi yuko wapi?"

"Huyu hapa mgongoni. Leo amegoma kutembea. Lakini usiwe na wasiwasi, nimemwongezea yale maji yako ya mstari. Namwambia anywe sana apate nguvu, aje asome kama kaka yake."

Lerionka aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Wasalimie wote."

Akakata simu. Najim alipoingia chumbani, alimkuta anakunja shuka.

"Begi hilo linakwenda wapi?"

"Nyumbani. Sirudi tena hapa."

"Kwa sababu ya namba ya kwenye chupa? Kaka, kesho watakuwa wanamcheka mwingine. Ukitaka, najitolea hata mimi."

Ndipo Lerionka akamweleza. Mstari, msumari, kuni, miguu. Alieleza bila kuinua kichwa. Najim alitafuta utani wa kumjibu, akakosa. Kwa Najim, hiyo ni kama benki kukosa pesa.

"Mhandisi gani anaanza kazi kwa kuvunja miguu ya mdogo wake?" alisema Lerionka. "Bora nikachunge na mzee."

"Mama umemwambia?"

"Bado."

"Kwa hiyo unakwenda nyumbani kuficha jambo hilohilo ukiwa karibu zaidi."

"Wewe huelewi."

"Sielewi, sawa. Lakini wakati wewe unakunja shuka, mtoto ameshashika kikombe kingine. Utajihurumia vizuri zaidi ukishapiga simu."

Lerionka alikaa kitandani na simu mkononi. Alipiga. Safari hii hakusalimia.

"Mama, yale maji msiyachemshe tena mpaka kwenye mstari. Nilikosea. Ule mstari unayazidishia ubaya. Nilikudanganya, mama. Sikukusudia, lakini nilikudanganya."

Kuku walisikika nyuma ya mama yake. Kisha kikombe kikawekwa mezani.

"Sasa leo mtoto anywe nini?" aliuliza Namnyaki.



"Sijui," alisema Lerionka, mwenye jibu la kila kitu. "Kesho nitauliza."

Usingizi haukumjia. Alhamisi, kabla maabara haijafunguliwa, alikuwa ameshasimama mlangoni. Najim alikuwa naye, anapiga miayo. Bi Aikaeli aliwakuta hapo na funguo mkononi.

"Mama, wale watu wa kijijini walikuwa mimi," alisema Lerionka.

"Nilijua," alisema Bi Aikaeli. "Watu wa kijijini hawatazami vidole vyao. Ingieni."

Aliwakalisha. Alieleza pole pole, na Lerionka akaandika kila neno, tofauti na Jumanne.

"Nyumba yenu ina paa la mabati?"

"Ndiyo, mama."

"Basi paa hilo ndilo dawa ya kwanza. Mvua haijapita kwenye miamba, kwa hiyo karibu haina floraidi. Fungeni mfereji chini ya paa, maji yaingie kwenye pipa lenye mfuniko. Mvua ya kwanza imwageni, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya pipa ni ya kunywa na kupikia tu. Ya chemchemi yabaki ya kufulia na kuoga."

"Pipa likiisha?"

"Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa na mafundi wanaojua, kwa joto lake maalumu, nao mkaa ule unaishika floraidi. Msijichomee wenyewe jikoni. Na kichujio kinachoka. Kila baada ya muda maji yapimwe tena, mkaa ubadilishwe."

"Kuchemsha je?" aliuliza Najim.

"Chemsheni kwa ajili ya vijidudu. Funika. Yakitokota vizuri, epua, basi. Msiyakaushe." Akamgeukia Lerionka. "Maharage mnapika na magadi?"

"Mama anaweka. Yanaiva haraka."

"Magadi ya huku nayo yana floraidi nyingi. Aache. Aloweke maharage usiku kucha, yataiva tu. Na mtoto apelekwe hospitali, daktari wa mifupa aione hiyo miguu."

"Itanyooka?"

Bi Aikaeli alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake.

"Sitakudanganya, mwanangu. Meno yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Miguu, atasema daktari. Maji safi yanazuia ubaya usiongezeke. Hayafuti uliokwisha kuingia."

Jumamosi Lerionka alifika nyumbani. Najim alikuja naye, ameshika ncha moja ya mfereji wa bati na kulalamika njia nzima kwamba mlima huu hauna adabu, unapanda tu. Namnyaki aliwapokea uani. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mimi ndiye niliyemshikia kikombe," alisema.

"Mimi ndiye niliyekwambia, mama."

"Wewe uliniambia mara moja. Mimi nilimshikia kila siku. Siku nyingine alikuwa hataki. Nilimlazimisha."

Naipanoi alikuwa kwenye kigoda, amenyoosha miguu yake iliyopinda, anamtazama mgeni. Alimuuliza Najim kama anajua kupanda paa. Najim akasema hajui, lakini anajua kuanguka.

Walifunga mfereji siku hiyohiyo. Mvua za vuli zilianza Jumanne iliyofuata, na Namnyaki alimwaga ya kwanza kama alivyoelekezwa.

Lerionka hakuliacha somo. Kila mwezi Namnyaki alimtumia chupa ya maji ya pipa kwa mtu anayeteremka mjini, na Bi Aikaeli alipima. Namba haikufika hata nusu miligramu. Maharage yalichelewa kuiva, watu wakazoea. Daktari wa mifupa alimpima Naipanoi na kumpiga picha ya eksirei. Alisema floraidi imeingia mifupani, na miguu haitanyooka kwa maji peke yake. Huenda akahitaji kupasuliwa akikua kidogo. Lakini baada ya miezi mitatu mtoto alitembea mwenyewe hadi kwenye geti la ng'ombe na kurudi, bila kulia. Namnyaki alihesabu hatua zake. Alipofika mia moja aliingia ndani na kufunga mlango, akakaa huko muda.

Machi, Lerionka alipokuja likizo, mwinjilisti wa mtaa alimwomba awaeleze watu habari za maji baada ya ibada. Walikaa nje ya kanisa, akina mama wengi, wazee wachache. Lerionka aliongea vizuri. Alionyesha jaribio la chumvi, watu wakaonja na kutikisa vichwa. Akaeleza mfereji, pipa, kichujio, magadi. Kisha akafika pale pagumu.

"Kosa kubwa ni kuchemsha maji mpaka yapungue," alisema. "Kuna mtu mmoja, simtaji, alisoma kidogo akadhani amemaliza. Akawaambia watu wachemshe mpaka yabaki nusu. Mtu huyo alileta madhara makubwa."

Namnyaki aliinamisha kichwa. Watu walisikitika. Mzee mmoja akasema mtu kama huyo akamatwe.

Katika safu ya nyuma, jirani yao Silantoi alisimama. Mgongoni alikuwa na mjukuu aliyelala.

"Huyo mtu mmoja mimi namjua," alisema. "Alikuja kwangu amevaa sare ya shule, kalamu mbili mfukoni. Nikampa maziwa, akamaliza kibuyu. Nami nimechemsha hivyo miaka mitano, wajukuu wangu wote watatu wamekunywa. Sijasikia habari ya kuacha mpaka leo hii."

Watu wote waligeuka kumtazama Lerionka. Tangu vuli alikuwa amepita mbele ya nyumba ya Silantoi mara nne, na mara zote nne alikuwa amesalimia na kuharakisha.

"Ni wewe, au macho yangu yamezeeka?" aliuliza Silantoi.

"Ni mimi, mama."

Silantoi aliketi, akamweka mjukuu wake vizuri mapajani.

"Basi anza upya, mwanangu. Anzia ulipokosea."