Mtungi wa Bi Kulthum

Hapa kisiwani Ndau ilisemwa kwamba paka amefia ndani ya jabia, ile sakafu yetu pana ya saruji inayokusanya mvua na kuiteremsha kwenye tangi la chini. Hakuna aliyemwona paka huyo. Wanaume walimulika tangini kwa tochi, wakarudi wakicheka. "Paka gani? Maji yang'aa kama kioo!" Lakini mimi neno hilo lilinikaa moyoni. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Kila alasiri binti yangu Hadil, wa gredi ya sita, huteka maji kabla ya kwenda madrasa. Nikamwambia, "Kuanzia leo maji ya kunywa yachemshe. Yatokote kabisa, yapoe, ndipo uyatie mtungini."

"Haya, mama."

Mtungi ule ulikuwa wa mamangu, Bi Kulthum, tuliyeishi naye. Kila siku aliuosha, akauinamisha juu ya chetezo mpaka ukajaa moshi wa ubani, ndipo maji yakatiwa. Watu walipita kwetu kuomba maji hata kama hawana kiu.

Nilipotoka kwenda kuuza vitumbua, mamangu akamwita mjukuu wake. Haya niliyajua baadaye.

"Maji ya moto ni ya kukandia mguu, mwanangu, si ya kunywa. Yataniharibia mtungi wangu."

"Lakini bibi, mama amesema yachemshwe."

"Mamako ni mwoga tangu utotoni. Mende akiruka, yeye ahama nyumba! Nti hii, kisiwa hiki chote, sote tumekuzwa na maji ya jabia. Chuja kwa leso, basi."

Hadil akachuja. Maji yakatoka maangavu. Jioni nikamwuliza, "Umeyachemsha?"

Akamtazama bibi yake, kisha akasema, "Ndiyo, mama."

Nikateka maji kwa kata, nikanusa. Yalinukia ubani. Nikamshukuru Mungu, nikampa Shuaib, mwanangu mdogo.

Shuaib ndiye aliyeanza kuhara. Kisha mamangu akahara na kutapika, macho yakamwingia ndani, vidole vikawa baridi. Tukawakimbiza zahanati. Muuguzi wetu, Bi Kemunto, mtu wa bara, alimpa Shuaib dawa ya chumvi na sukari ya kunywa, naye akaanza kupata nguvu. Mamangu alitundikiwa maji ya mshipani, lakini hakuinuka. "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi," akasema Bi Kemunto, na watu wakatoka mbio kutafuta boti ya mashine.

Tulipokuwa tukisubiri, Hadil alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, sikuyachemsha. Nilikudanganya."

Kabla sijafungua kinywa, mamangu aliinua mkono. "Usimgombeze. Mimi ndimi niliyemkataza. Alinitii mimi."

Hatukufika hospitali. Mamangu alikata roho njiani, kichwa chake mapajani mwangu, na boti ikageuza.

Baada ya maziko Hadil hakula. Hata maji aliyakataa. Bi Kemunto alipokuja kutupa pole, aliketi naye mkekani.

"Bi Kemunto, nimemuua bibi?"

"Hapana, mwanangu. Nimekwenda kuliangalia jabia. Paka simjui. Lakini ua unaolizunguka umeanguka, na mbuzi wanalala juu ya ile sakafu. Mvua ikinyesha, kinyesi chote chaingia tangini. Sisi wakubwa tulipita pale kila siku, tukawa tunamtafuta paka."

"Lakini nilichuja."

"Leso huzuia majani na mchanga. Vijidudu vya ugonjwa ni vidogo mno, vyapita. Na ubani huficha harufu, hauui ugonjwa. Kuchuja ni mwanzo tu. Baada yake ni kuchemsha, au kutia dawa ya maji na kungoja kama ilivyoandikwa kwenye chupa." Akamshika mkono. "Kosa lako ni ile 'ndiyo'. Mama yako angejua ukweli, asingewanywesha watu maji yale. Wakubwa wakikupa amri mbili zinazopingana, waite wote wawili wasikizane. Usiubebe mzigo huo peke yako."

Hadil akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikalia naye.

Ua umejengwa upya, tangi likasafishwa na kutiwa dawa. Kwetu maji huachwa yatulie, kisha huchujwa na kuchemshwa. Shuaib amepona, lakini bado anauliza bibi atarudi lini, na sijui nimjibu vipi.

Nyinyi watoto mnaosoma haya, wasomeeni na wa nyumbani. Shikeni haya:

Usiyaamini maji kwa sababu yanang'aa au yananukia vizuri.
Usichuje kwa leso chafu, wala usidhani kuchuja kunatosha.
Usitie maji yaliyochemshwa katika chombo kisichooshwa.
Usichovye mkono mtungini, wala kata iliyolazwa chini.
Usiache mtungi wazi.
Usiache mbuzi, kuku wala viatu juu ya jabia.
Mtu akihara, usingoje kesho kumpeleka zahanati.
Usiseme umechemsha kama hujachemsha.