Gari Lililokatwa Miguu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Malaika alipanda juu ya kichuguu nyuma ya jiko lao, akainua simu ya nyumbani juu ya kichwa na kusubiri. Katika mtaa wao, mjini Kasongo, mtandao ulishika hapo tu. Baba yake, mzee Atumani, alichuuza vitambaa mbali, mjini Salamabila, na alikuwa akipiga simu asubuhi kusalimia watu wake na kutoa maagizo. Malaika aliyapokea, akashuka, akayafikisha kwa mama, kwa jirani, kwa kaka yake Iliasi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na watu wote wa nyumbani walimwita mdomo wa baba.

Mwaka ule baba alikuwa amenunua gari kuukuu la dizeli, refu, la viti saba. Mwenyewe wa kwanza, mtu wa Kindu, alikuwa ameliinua juu kwa resorti ndefu, yaani springi, vile vyuma vilivyojiviringa vinavyobeba gari. Tena alilifungia bomba la kuvuta hewa lililopanda kando ya kioo hadi paani. Lilikwenda polepole, lakini lilifika.

Baba alilinunua kwa ajili ya Nyanya Hawa hasa. Nyanya aliishi na Babu kijijini, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya Kabambare. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na madaktari wa kupasua macho walitarajiwa Kasongo kwa juma moja tu.

"Watu wananiambia Babu yenu amekonda," Nyanya alikuwa akisema. "Ninataka kumwona uso kabla mmoja wetu hajaitwa. Sauti peke yake hainitoshi."

Shuleni, gari hilo lilikuwa mzaha. Pacifique, aliyekaa dawati la nyuma, alikuwa amejifunza kuiga mwendo wake. Aliinuka, akatoa matako nje, akatembea akiyumba.

"Munaona? Gari ya akina Malaika. Bata ameshiba pumba."

Darasa zima lilicheka. Malaika naye alicheka, kisha akalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Iliasi, aliyekuwa dereva wa gari hilo, alikuwa na hamu yake mwenyewe. Kutwa alitazama kwenye simu video alizohifadhi za magari ya mashindano, mafupi, yaliyolala chini kama chui. Alitaka fundi Gédéon akate resorti, aondoe lile bomba na chujio la hewa ili injini ingurume. "Lakini siwezi kufanya kitu bila ruhusa ya Papa," alimwambia Malaika. "Kesho umuulize."

Kesho yake Malaika aliuliza. Sauti ya baba ilifika safi kabisa.

"Mwambie Iliasi asiguse kitu. Lile bomba ndiyo pua ya gari. Na zile resorti ndizo miguu yake, zitatuvusha mto. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Papa."

Alishuka kichuguuni polepole. Iliasi alikuwa akimngoja mlangoni, macho yakiwaka. Akilini Malaika alimwona Pacifique akiyumba mbele ya darasa.

"Papa amesema sawa," alijibu. "Ufanye tu."

Siku chache baadaye gari lilishuka kutoka kwa Gédéon likiwa limelala chini, likinguruma mpaka mbuzi wa sokoni wakakimbia. Iliasi alimpeleka Malaika shuleni. Pacifique alisimama, mdomo wazi. Furaha ya Malaika ilidumu mpaka kengele ya kwanza.

Madaktari walifika. Mvua ilizuia barabara karibu juma zima, na siku ya mwisho ya madaktari Iliasi na Malaika walikwenda kumchukua Nyanya. Walipokwenda, maji ya mto yalikuwa machache, ingawa tumbo la gari lilikwaruza mawe. Walipokuwa wakirudi, mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yamepanda.

"Iliasi, mwanangu, ninasikia maji miguuni," Nyanya alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Tunavuka, Nyanya."

Injini ilikohoa, ikagonga mara moja kwa kishindo, ikanyamaza. Ilikuwa imekunywa maji. Hapakuwa na pua ya kupumulia juu wala miguu ya kuiinua.

Wanaume wa kijiji walilisukuma gari hadi ukingoni. Iliasi alitafuta pikipiki, akampakia Nyanya katikati yake na dereva. Walipofika hospitalini, madaktari walikuwa wameshaondoka.

Baba alirudi kutoka Salamabila akiwa na matope mpaka magotini. Alilizunguka gari, akainama kutazama chini yake. Kisha akamgeukia Iliasi.

"Nani alikuambia ukate?"

"Wewe, Papa. Malaika alinieleza."

Wote walimtazama Malaika. Jibu la uongo lilikuwa karibu sana: mtandao ulikuwa unakatika. Nani angepinga? Malaika alimwona Nyanya ameketi kando ya ukuta, mikono mapajani, uso umeelekezwa upande usio na mtu.

"Ulikataa, Papa," alisema. "Nilisikia vizuri. Mimi ndiye niliyegeuza neno."

Baba hakumpiga. Alikaa chini kama mtu aliyechoka ghafla. "Na wewe, Iliasi, mtu mzima," alisema, "ulipendezwa mno na jibu hata hukurudi kuuliza."

Injini ilitengenezwa, resorti ndefu zikarudi, bomba pia. Malaika alitumia likizo zake kijijini, akimshika Nyanya mkono kwenda kisimani na shambani. Ndiye aliyekuwa na Nyanya siku Babu alipofariki, mwanzoni mwa kiangazi. Nyanya aliupapasa uso wa mumewe kwa vidole, paji, mashavu, kidevu, muda mrefu, mpaka wanawake wakamwondoa.

Madaktari waliporudi, gari lilivuka mto polepole bila shida. Nyanya alipasuliwa. Kitambaa kilipofunguliwa, alipepesa macho, akamtazama Malaika aliyesimama kando ya kitanda.

"Umekuwa mrefu," alisema.

"Nyanya, unisamehe. Babu..."

"Nilishakusamehe, mjukuu wangu. Lakini kusamehewa hakumrudishi mtu, na hilo ulijue ungali mdogo." Nyanya alimshika mkono, kama walivyozoea njiani. "Neno la mtu ni amana, sawa na mtoto wa wenyewe uliyepewa umbebe mgongoni. Hata kama ni zito, hata kama halikupendezi, unalifikisha lilivyo. Ukiliangusha njiani, hujui litaumia nani."

Malaika aliitikia kwa kichwa. Nyanya aliendelea kumtazama, uso wote, taratibu, kama mtu anayetafuta humo uso mwingine.