Buibui Mpole wa Kitinda

Kila asubuhi Kasi alikuwa wa kwanza kuamka. Wenzake wa darasa la sita wakiwa bado wanajigeuzageuza kitandani, yeye alikuwa ameshafagia sebule, ameteleka maji ya chai na kukunja blanketi lake ovyo ovyo kama tambara la kudekia. Jina la Kasi hakupewa na wazazi wake. Alilipata mtaani, kwa sababu kila alichofanya alikifanya mbiombio, awe anaosha vyombo au anaandika insha.

Kazi moja tu hakuruhusiwa kuifanya haraka, nayo ilikuwa kumwinua mdogo wake kitandani. Kitinda, mziwanda wa nyumba ile, alikuwa na umri wa miaka minane na alizaliwa na moyo mgonjwa. Daktari alimkataza kukimbia, kuruka kamba na kupanda ngazi. Kasi alimwegemeza kwenye mito miwili, akampa dawa, kisha akamchana nywele.

"Dada, leo umenivuta kama gunia," Kitinda alilalamika.

"Gunia gani jepesi hivi? Labda la pamba."

Kitinda alicheka kidogo tu, maana kucheka sana kulimchosha. Kisha akauliza swali aliloliuliza wiki nzima. "Baba, kweli hakuna mnyama asiyekimbia?"

Baba yao alikuwa fundi wa vioo. Alikuwa anafunga viatu tayari kwenda karakana, akasimama na kukuna kichwa. Kitinda alitamani mno mnyama wake mwenyewe. Mbwa hakuwezekana, kwani mbwa hutaka kukimbizwa. Paka wa jirani aliletwa siku mbili, akaruka dirishani na kwenda zake. Hata kasuku alikataliwa, kwa sababu kelele zake zingemnyima mgonjwa usingizi.

"Yupo," baba alisema mwishowe. "Ila mama yenu akimwona, sijui tutalala wapi."

Jumamosi ile baba alimbeba Kitinda mgongoni hadi kwenye duka la wanyama wa kufugwa, Kasi akiwatangulia. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene. Watu walimwita Mama Wadudu, wala hakuchukia. Kwenye rafu za nyuma alikuwa na masanduku ya vioo, na ndani yake buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaoitwa tarantula.

"Shikamoo, mama," watoto walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnamtaka yupi?"

Kasi hakusubiri. "Huyu!" alisema, akimwonyesha buibui mwenye miguu ya buluu iliyong'aa kama hariri. Alipogusa tu kioo, buibui yule alichomoka kama risasi na kujibanza pembeni, miguu ya mbele juu.

"Huyo si wa mtu anayeanza," alisema Mama Wadudu. "Ana mbio na ana hasira. Mtu anayeanza hachagui kwa rangi, anachagua kwa tabia." Aliwasogeza mbele ya sanduku jingine. Ndani alikaa buibui wa kahawia, manyoya yake yamejikunja kama ya kondoo, ametulia tuli. "Huyu ni jike. Majike huishi miaka mingi, wengine hata ishirini. Hana haraka na mtu, anakula panzi mmoja kwa wiki, basi."

Kitinda alimtazama kwa muda mrefu. Buibui aliinua mguu mmoja, akafikiri, akauweka chini. "Anatembea kama mimi," Kitinda alisema kwa sauti ndogo.

Baba aligeuka, akajifanya anasoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Sasa nisikilizeni," alisema Mama Wadudu. "Kuwa mpole si kuwa mwanasesere. Haguswi, anatazamwa tu. Tumbo lake ni laini, na akianguka hata kutoka mkononi mwako, linapasuka. Hakuna daktari wa kumshona. Umesikia, wewe mrefu?"

"Nimesikia," alijibu Kasi, macho yake yakiwa bado kwa yule wa buluu.

Baba alikata vioo mwenyewe, akaviunga kwa gundi na kutengeneza sanduku pana lakini fupi, ili buibui akipanda asianguke kutoka juu. Waliweka udongo mwingi, kipande cha chungu cha kujifichia na kisahani cha maji. Mama, aliyekuwa dobi, alikaa siku tatu bila kuingia chumba cha watoto. Siku ya nne alichungulia, akasema, "Kumbe ana adabu kuliko wageni wangu wengine." Kitinda alimwita buibui wake Shangazi, kwa sababu alikaa muda wote kama mtu aliyekuja kutembea na hana mpango wa kuondoka.

Miezi mitatu ilipita kwa furaha. Kitinda alijua saa ambazo Shangazi alitoka kwenye chungu na mguu alioanza nao. Kisha, mvua zilipoanza, kifua kikambana na midomo ikageuka rangi. Akalazwa hospitalini. Kabla ya kubebwa alimshika Kasi mkono.

"Dada, mpe maji kila siku, na panzi Ijumaa. Usimtoe."

"Simtoi."

"Sema kweli."

"Kweli kabisa."

Shuleni, marafiki wawili wa Kasi hawakuamini kwamba nyumbani kwao kuna buibui mwenye ukubwa wa kiganja. "Unatupiga kamba," alisema mmoja. "Na hata kama yupo, huthubutu kumshika."

Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi mchana, wazazi wakiwa hospitalini, Kasi aliwaleta nyumbani. Aliwaonyesha sanduku, wakapiga yowe la mshangao. Angeishia hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini yule rafiki alisema tena, "Haya, mshike sasa," na Kasi akafungua kifuniko.

Shangazi hakupinga. Alipanda kiganjani taratibu, mguu baada ya mguu, akatulia. Marafiki waliziba midomo kwa mikono. Kasi alijiona bingwa. Buibui akaanza kutembea tena, akapanda mkono, akafika kwenye kiwiko. Miguu yake ilimtekenya, rafiki mmoja akaangua kicheko, na Kasi, kwa ile haraka yake, akainuka ghafla kutoka kitini.

Sauti ya kuanguka ilikuwa ndogo sana, kama zabibu ikidondoka kwenye sakafu ya saruji.

Majimaji meupe yalitoka kwenye tumbo la Shangazi. Alijaribu kutembea hatua mbili, kisha miguu yake ikajikunja ndani polepole, yote minane, kama mkono unaofumba. Kasi alipiga magoti akamwita kwa jina, ingawa alijua buibui hasikii jina.

Marafiki waliapa kutosema, wakaondoka bila kuaga. Kasi alimfukia nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo. Akafuta sakafu, akarudisha kifuniko na kusawazisha udongo kwa kijiko.

Kitinda alirudi Jumatano, amekonda, macho makubwa. Kabla hata hajalazwa kitandani aliuliza, "Shangazi yuko wapi?"

Wazazi walikuwa wamesimama pale, wamechoka, wanatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Amejichimbia," alisema Kasi. "Yuko chini ya chungu. Nadhani anataka kujivua ngozi."

"Aa," alisema Kitinda, uso umemchangamka. "Mama Wadudu alisema wakijivua hawatoki kwa siku nyingi. Basi tusimsumbue."

Tangu hapo Kitinda alianza kungoja. Nyumba ikiwa tupu, alishuka kitandani kimyakimya na kukaa sakafuni mbele ya sanduku, paji la uso kwenye kioo. Alimwekea maji safi kila siku. Mama akidondosha sufuria jikoni, aliinua kidole mdomoni: "Shh, amelala." Kasi aliporudi kutoka shule alimkuta pale pale, miguu kwenye saruji baridi. Kila siku alikata shauri kusema, na kila siku ulimi ukawa mzito. Mwalimu alimuuliza swali rahisi la hesabu, akajibu lisiloulizwa.

Siku ya kumi na mbili mama aliinua shuka akashtuka. Miguu ya Kitinda ilikuwa imevimba hadi vifundoni, na kikohozi kimerudi.

"Mwanangu, daktari alisema ulale na miguu juu! Umekuwa unafanya nini?"

"Namngoja Shangazi."

"Kesho mapema tunakwenda kliniki."

"Siendi!" Kitinda alianza kulia, na kulia kulimkata pumzi. "Akitoka kesho nisipokuwepo je? Nimengoja siku zote hizi!"

Kasi alikuwa mlangoni na begi lake la shule. Begi lilimponyoka. Alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Hatatoka," alisema. "Kitinda, Shangazi amekufa. Nilimtoa niwaonyeshe wenzangu, akaanguka. Nilimwua mimi, kabla hujarudi."

Mama alishika tama. Kitinda aliacha kulia. Alimtazama dada yake kama anayetazama mtu asiyemjua.

"Mama Wadudu alisema asiguswe."

"Alisema."

"Na mimi nilikuambia."

"Uliniambia."

Kitinda alihema mara kadhaa. "Sasa siku zote hizi nilikuwa namwekea nani maji?"

Kitinda aligeukia ukutani.

Kesho yake alikwenda kliniki bila ubishi, dawa zikaongezwa, uvimbe ukapungua. Lakini kwa wiki mbili hakumwomba Kasi kitu chochote. Asubuhi alimngoja mama aje amwinue. Kasi alisimama mlangoni na kitana mkononi, akakirudisha mezani. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa iliyomuuma kama ile.

Baba hakumpiga wala hakumfokea. Siku moja alimwita karakana, akamkalisha kwenye kreti tupu.

"Kuanguka kwa yule buibui kulichukua nukta moja," alisema. "Ulivunja ahadi, ukakosea. Watoto hukosea, hata mimi nimevunja vioo vya watu. Lakini siku kumi na mbili ulimwona mdogo wako sakafuni, na kila siku ulichagua upya kunyamaza. Unaliona lililo kubwa?"

"Naliona, baba," alijibu Kasi, machozi yakimdondoka magotini.

Jioni moja kabla ya chakula, Kitinda alisema, "Nionyeshe ulikomzika." Baba alimbeba hadi nyuma ya nyumba. Kasi alionyesha mahali. Kitinda aliomba ashushwe, akapapasa udongo kwa kiganja, akakaa pale mpaka nguo kambani zikakosa kivuli. Kisha akamwambia Kasi, bila kumtazama, "Niinue."

Mwezi uliofuata walirudi dukani, safari hii na mama. Baba alimsukuma Kasi mbele kidogo. "Sema mwenyewe."

Kasi alisema yote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea. Mama Wadudu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema, "watu wengi huja hapa kuniomba buibui mpole. Wakishampata, husahau kwamba upole wake ndio unaomponza. Yule wa buluu angekuinulia miguu, ungefunga kifuniko haraka. Huyu wa kahawia alikupandia mkononi bila wasiwasi. Anayekuamini namna hiyo, awe mdudu au mdogo wako, humchezei na humdanganyi. Na ukimkosea, mwambie siku ile ile, kabla hajaanza kukungoja."

Kasi aliitikia kwa kichwa. Kitinda naye alikuwa anasikiliza.

Buibui wakubwa wa kahawia walikuwa wamekwisha. Alibaki mmoja mchanga, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ndani ya kikopo chenye matundu. Kitinda alikiinua kwenye mwanga.

"Atakuwa mkubwa lini?"

"Hawa hukua polepole," alijibu Mama Wadudu. "Miaka mitano, sita."

Kitinda alihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na miaka kumi na minne." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nitakuwepo?"

Mama aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu mkobani. Baba alikohoa. Jibu jepesi lilimjia Kasi ulimini, tamu na la haraka, akalizuia. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Ya miaka sita siyajui," alisema. "Ila kesho asubuhi nitakuinua, tutambadilishia maji, na wewe ndiye utakayefungua kifuniko."

Kitinda aliwaza, akamkabidhi kikopo.

"Maji kidogo tu," alisema. "Bado mdogo, asije akazama."